Kadi Yenye Mihuri Miwili: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Ushindani ya Kenya,
Nairobi.

Nakala: Kamati ya Ushauri ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa

Mheshimiwa Mkurugenzi,



Mbele yangu pana kadi ngumu ya samawati, ukubwa wake kama kitambulisho, ina visanduku sita. Viwili vimepigwa muhuri, vinne viko wazi. Kila kisanduku kilikuwa servisi moja ya gari langu aina ya Probox: oili ya injini, filta ya oili, filta ya hewa ikibidi, breki kufunguliwa na kutazamwa. Nilizilipia zote sita siku moja kwa M-Pesa, shilingi 42,500, kwenye nambari ya tili iliyobandikwa ukutani mwa gereji kando ya kalenda. Aliyelipa servisi mojamoja alitozwa 8,500. "Lipa tano, ya sita bure," ndivyo kilivyosema kitambaa kilichotundikwa getini.

Leo geti hilo lina kufuli, na kufuli si la mwenye gereji. Ni la mwenye ploti, anayedai kodi. Niliposhusha kioo, bawabu alinitazama kwa huruma. "Mama, hata wewe? Tangu asubuhi wamekuja wengi. Wengine wana kadi za kijani." Hapo ndipo nilipojua kwamba kulikuwa na kadi za kijani pia, za servisi kumi na mbili, walizouziwa vijana wa teksi. Bawabu mwenyewe alikuwa anadai mshahara wa miezi miwili.

Jina la gereji silitaji. Sina ugomvi na mafundi wake, waliokuwa wazuri, na mwenyewe simjui vya kutosha kusema kama alikuwa mlaghai au alizidiwa tu. Kwa barua hii haidhuru. Hata angekuwa mtu mwema kuliko wote pwani nzima, kadi yangu ingekuwa na thamani ileile iliyo nayo leo. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze.

Nimekaa na kadi hii wiki tatu nikiifanyia hesabu. Gari langu hupelekwa servisi kila kilomita 5,000, na kwa mwendo wangu wa kawaida, Nyali mjini, mjini Likoni, mara moja moja Malindi, servisi sita zingenichukua karibu miaka miwili. Kwa hiyo nilimpa mwenye gereji pesa zote mara moja, naye akaahidi kunirudishia kwa kazi, kidogo kidogo, kwa miaka miwili, pamoja na nyongeza ya shilingi 8,500. Mheshimiwa, huo ni mkopo. Ile "servisi ya bure" ndiyo riba. Mimi niliyedhani nimepata bei nafuu nilikuwa nimegeuka benki, tena benki ya kijinga: sikuuliza hesabu za biashara, sikudai dhamana, wala sikuuliza kama kodi ya ploti imelipwa. Benki ya kweli isingetoa hata senti bila kuyauliza hayo.

Na wenzangu wa kadi za kijani ni vivyo hivyo. Gereji ilipoona benki zinataka rehani na riba, ilituona sisi.

Sasa tazama foleni inavyopangwa biashara inapoanguka. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, aliyewekewa rehani ya mali mahususi, kwa mfano benki iliyokopesha mashine ya kunyanyulia magari, ana mali yake pembeni. Kinachobaki hulipa kwanza gharama za mfilisi mwenyewe. Kisha wafanyakazi, mishahara ya miezi minne ya mwisho, kila mmoja kwa kikomo cha shilingi 200,000. Bawabu wetu yumo hapo, mbele yangu, na namwombea alipwe mpaka senti ya mwisho. Kisha serikali, kwa kodi. Mwisho kabisa tunakuja sisi, wadai wasio na dhamana, tumekaa benchi moja na aliyeuza oili kwa mkopo na aliyechapisha zile kadi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Sheria imekubaliana nao, ila imeliweka deni hilo mkiani.

Hayo ni ikiwa ufilisi utafanyika. Gereji ya kiasi hiki mara nyingi haifilisiwi na mtu yeyote, hufungwa tu. Kumwomba jaji aifilisi kampuni kwa kushindwa kulipa kunahitaji deni la shilingi 100,000 au zaidi. Mimi peke yangu sifiki hapo, na mwenye kadi ya kijani huenda naye asifike. Tungehitaji kutafutana, na orodha ya wateja imefungiwa ndani ya kompyuta, nyuma ya kufuli la mwenye ploti.

Kisha kuna swali ambalo lilinikosesha usingizi zaidi ya pesa zenyewe: nadai kiasi gani? Usicheke. Jirani yangu mhasibu anasema gawanya 42,500 kwa sita, zidisha kwa nne, upate 28,333. Mfilisi mkali anaweza kusema kwamba punguzo lilikuwa la anayemaliza zote sita, kwa hiyo zile mbili nilizofanyiwa zihesabiwe kwa bei kamili, 17,000, nibakiwe na 25,500. Nami nasema nikitaka servisi nne kwa bei ileile ya mlipaji wa kawaida nitatoa 34,000, na kanuni ya fidia katika mikataba ni kumweka aliyevunjiwa ahadi pale ambapo angekuwa kama ahadi ingetimizwa. Kati ya hesabu yangu na ya mfilisi kuna tofauti ya shilingi 8,500 kamili. Ile servisi ya bure imerudi tena, safari hii inagombaniwa.

Nikiwa nina shahada na jirani mhasibu nimechanganyikiwa hivi, kijana wa teksi mwenye kadi ya kijani atafanya nini? Atakunja uso, atairusha kadi ndani ya dashibodi, atatafuta fundi mwingine. Wengi wamefanya hivyo tayari, na naamini biashara za namna hii zinalijua hilo.

Mheshimiwa, nimeisoma Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Nilitarajia kukuta ukimya juu ya magari, nikakuta sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari! Fundi anatakiwa atoe makadirio. Asiyapite kwa zaidi ya asilimia 10. Spea kuukuu alizozitoa anirudishie nikizitaka. Spea mpya aliyoifunga na kazi ya kuifunga zina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000. Ni sheria nzuri, ingawa sijawahi kuona hata gereji moja imeibandika ukutani. Lakini yote hayo ni ulinzi wa kazi iliyofanyika. Anayelindwa ni mteja ambaye gari lake limeguswa vibaya. Mteja ambaye gari lake halitaguswa kamwe, na alishalipa, hakufikiriwa katika sehemu hiyo.

Na ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo imemfikiria mtu wa gimu. Mikataba ya mazoezi ya viungo na huduma za aina hiyo imewekewa mipaka: isizidi mwaka mmoja, na mteja apewe nafasi ya kulipa kwa awamu. Aliyeandika alijua kwamba gimu hupenda kukusanya ada ya muda mrefu kisha kufunga milango. Basi kuna tofauti gani kati ya gimu iliyochukua ada yangu ya miaka miwili na gereji iliyochukua servisi zangu za miaka miwili? Mimi siioni. Kama kuna tofauti, ni kwamba kifua changu kinaweza kungoja, injini haiwezi.

Tuende mbele kidogo. Pesa ninazoweka benki zinalindwa na Shirika la Bima ya Amana mpaka shilingi 500,000 benki ikianguka. Kampuni ya bima ikianguka, kuna hazina ya kuwafidia wenye bima. Na zile shilingi 42,500, kabla sijabonyeza nambari ya siri, zilikuwa salama kuliko zote: pesa za wateja wa M-Pesa hukaa katika akaunti za amana, kando na mali ya kampuni ya simu, kwa sababu kanuni za mifumo ya malipo zinamtaka kila mtoa pesa za kielektroniki afanye hivyo. Kampuni ikifilisika kesho, wadai wake hawawezi kuzigusa. Sekunde moja baadaye zilikuwa kwenye tili ya gereji, na ulinzi wote ukayeyuka. Ni pesa zilezile, zangu mimi, na kazi bado haijafanywa.

Basi ombi langu la kwanza ni hilo: pesa ya huduma iliyolipiwa kabla iendelee kuwa amana mpaka kazi ifanyike. Nikipigiwa muhuri, sehemu yake inahamia kwa gereji. Nisipopigiwa, inabaki yangu. Si wazo la ajabu. Mahakama ya Uingereza, katika shauri lililoripotiwa mwaka 1975 la kampuni ya Kayford iliyouza bidhaa kwa posta, iliamua kwamba pesa za wateja zilizotengwa kwenye akaunti ya peke yake wakati kampuni inayumba zilikuwa za wateja, hazikuingia kwenye chungu cha wadai. Kampuni ile ilizitenga kwa hiari yake. Ninachoomba ni kwamba hiari hiyo iwe lazima.

Najua atakachosema mwenye gereji, kwa maana nimekaa na mafundi. Atasema: mama, pesa ya kadi ndiyo niliyonunulia pipa la oili kwa bei ya jumla, ndiyo iliyoniwezesha kukupa ya sita bure, ukiifungia kwenye amana, kadi haina maana kwangu. Ana haki ya kusema hivyo, na sehemu ya maneno yake ni kweli. Ndiyo maana sitaki kanuni moja ya kuwafunga wote. Anayeuza servisi mbili au tatu za ndani ya miezi sita aachwe, hasara yake ni ndogo. Anayetaka kuuza za mwaka na achague: aweke pesa kwenye amana, au alete dhamana ya benki au ya kampuni ya bima itakayowalipa wenye kadi akianguka. Zaidi ya mwaka, marufuku, kama ilivyo kwa gimu. Na kama kwa masharti hayo punguzo litatoweka, basi litoweke. Lilikuwa linalipwa na anayebaki na kadi mkononi siku ya kufuli.

Ombi la pili halihitaji Bunge. Sheria ya Ushindani ya 2010 inaipa Mamlaka yako uwezo wa kushughulikia maelezo ya kupotosha na mienendo ya kikatili dhidi ya wateja. Katika foleni ya getini nilikutana na mwanamke aliyenunua kadi Ijumaa. Kufuli lilitiwa Jumatatu. Ijumaa ile mwenye gereji alikuwa anajua nini juu ya kodi yake? Kuuza servisi ya mwakani huku unajua huna gereji ya wiki ijayo ni kupotosha, na sioni neno jingine linalofaa. Toeni mwongozo unaosema hivyo waziwazi, ili siku ya pili ya kufuli pawe na afisa anayeuliza tarehe za kadi za mwisho. Mwongozo huo pia useme deni la kadi lihesabiwe vipi, kwa njia moja inayojulikana, ili tusigombane na mfilisi kwa vikokotoo.

Hapa nina dukuduku. Kuna Sheria ya Kuuza Bidhaa Zisizochukuliwa, Sura ya 38. Nikipeleka gari kutengenezwa nikatoweka bila kulipa wala kulichukua, fundi anaweza, akishatoa ilani inavyotakiwa, kuliuza gari langu ajilipe. Sheria hiyo ni ya siku nyingi, na ni ya haki. Fundi aliyefanya kazi bila kulipwa amepewa gari zima kuwa dhamana. Mteja aliyelipa bila kufanyiwa kazi amepewa kadi.

Katiba, Kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya kulindwa masilahi yake ya kiuchumi. Haikusema ni kwa walio na wakili pekee.

Kwa wenzangu wa kadi, ambao najua barua hii itawafikia kabla ya kuifikia Nairobi, niruhusu Mheshimiwa niwageukie kidogo.

Ndugu zangu, msizitupe kadi. Hifadhini ujumbe wa M-Pesa. Ndio risiti yenu. Tafuteni kwanza kama gereji ilikuwa kampuni au jina la biashara tu. Kwa kampuni, taarifa ya CR12 inayopatikana kupitia eCitizen itawaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Ikiwa ni jina la biashara la mtu mmoja, habari ni njema: mwenye jina anadaiwa yeye mwenyewe, pamoja na mali yake. Hapo Mahakama ya Madai Madogo iko wazi kwenu, inasikiliza madai mpaka shilingi 1,000,000, haiwalazimishi kuwa na wakili, Kiswahili kinakubalika, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Ila kama kampuni imeshaingia mikononi mwa mfilisi, madai mahakamani husimama. Ninyi pelekeni kwake uthibitisho wa deni kwa maandishi. Matangazo ya ufilisi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Aliyelipa kwa kadi ya benki aiombe benki yake irudishe malipo, na afanye hivyo leo, kwa sababu muda wake ni mfupi. Na ambaye gari lake lilikuwa ndani siku ya kufuli, gari si deni. Ni mali yako, halimo katika mali ya gereji, wala usikubali kuambiwa upange foleni na wadai.

Jambo jingine, hili wachache wanalijua. Tukiona mwezi ujao gereji mpya imefunguliwa ng'ambo ya barabara, jina jipya, mafundi walewale, mashine zilezile, tusikunje mikono. Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500, inambebesha anayechukua biashara madeni ya biashara hiyo, isipokuwa kama ilani ilitangazwa ipasavyo katika Gazeti Rasmi na katika gazeti la kawaida kabla. Nendeni na kadi zenu, mkaulize ilani iko wapi.

Nikurudie, Mheshimiwa. Nyuma ya kioo cha mbele cha gari langu, pembeni, bado kuna kibandiko cha gereji ile: servisi ijayo kilomita 148,000. Leo asubuhi dashibodi ilisoma 147,610. Jumamosi nitakwenda kwa fundi wa Bondeni asiye na kadi wala kitambaa getini, nitanunua oili mwenyewe dukani, nitasimama pale akimimina, na nitamlipa boneti likishafungwa. Hiyo ndiyo sheria ya kumlinda mtumiaji tuliyo nayo kwa sasa, na kila mtu anajitungia yake.

Nakala ya kadi yangu, pande zote mbili, imeambatishwa. Nangoja jibu, na kwa kuwa barua yangu ni ya wazi, naomba jibu nalo liwe la wazi, lenye tarehe ya kutolewa kwa mwongozo huo.

Wako,
Mwenye Probox,
Mombasa